Mume Wangu Alipanga Foleni, Kibali Nikakipata Mimi

Mpendwa Mama Thelda,

Naomba unisaidie, kwa sababu nyumbani kwangu siku hizi watu wawili wanakula chakula kizuri bila kuzungumza, na kisa chenyewe ni mnyama ambaye hata hajafa.

Mimi naitwa Ronelle, mume wangu ni Garth, tulihamia hapa Ashton, Idaho, kutoka Colorado mwaka jana wakati viazi vinavunwa, na tulihama kwa sababu yangu mimi, nilipata kazi kwenye maabara ya viazi vya mbegu, kazi niliyoitamani tangu nikiwa chuoni, na Garth ambaye ni fundi wa breki za malori akasema malori yako kila mahali, twende, akapakia vyombo vyake kwenye pikapu bila kunung'unika hata kidogo, ila siku ya mwisho nilimkuta amesimama gereji tupu ananiambia, "Pointi zangu tu ndizo haziingii kwenye gari, Roni," akacheka, nami nikacheka, nikadhani yamekwisha.

Sasa wewe Mama Thelda ni mzaliwa wa hapa, labda hujui pointi zilivyo kwa mtu wa Colorado. Kule ukitaka kibali cha kuwinda mnyama aitwaye musi unaomba kila mwaka, jina linaingia kwenye droo ya bahati nasibu, ukikosa unapewa pointi, na pointi zikiongezeka jina lako linazidi kuwa na uzito, na Garth alianza kuomba kabla hajanioa, akakosa, akaomba, akakosa, watoto wakazaliwa wakakua wakaondoka, yeye anaomba tu, na kila akikosa anasema "nimesogea," kama mtu aliyeko kwenye foleni ya benki anayeona kisogo cha mbele yake kinakaribia dirisha. Kisha mimi nikapata kazi, naye akatoka kwenye foleni akanifuata.

Tulipofika hapa tukasubiri miezi inayotakiwa ili tuhesabiwe wakazi, na ulipofika mwezi wa nne Garth akaketi kwenye kompyuta kujaza maombi yake ya musi, mimi niko jikoni nakaanga vitunguu, akaniita, "Roni, na wewe nikuandikishe! Uanze kukusanya pointi zako mapema, tukizeeka utanishukuru." Nikamwambia andika tu. Ndivyo nilivyoingia kwenye droo, Mama Thelda, na mwiko mkononi. Si kwamba sijui bunduki, nilifundishwa na baba yangu, na nimewahi kwenda na Garth kuwinda paa mara kadhaa na mmoja nilimpiga mwenyewe, lakini musi, yule mnyama mrefu kuliko farasi mwenye pembe pana kama makoleo, sikuwahi kumwota.

Matokeo yakatoka mwezi wa sita nikiwa kazini. Garth akanipigia simu.

"Nimekosa," akasema, sauti yake nzuri tu. "Si kitu. Mwaka wa kwanza huu. Nimepata pointi. Umeangalia yako?"

Nikaangalia. Nikaangalia tena. Nikamwambia, "Garth, wameandika hongera."

Akasema, "Soma vizuri. Hiyo itakuwa barua ya matangazo."

Haikuwa ya matangazo. Kilikuwa kibali cha musi dume, jina langu, eneo lilelile alilolichagua yeye.

Jumapili ile tulialikwa kwa jirani yetu Bi LaRue Hatch, mama mtu mzima mwenye nyumbu wa kubebea mizigo na maneno mengi, watu wamejaa uani kwake, viazi vya jibini vimetolewa tanurini, na Garth akajikaza akatangaza mwenyewe habari ya kibali changu, akaongeza, "Mimi nimepata pointi yangu ya kwanza ya Idaho." Bi LaRue akaangua kicheko hadi akashika meza. "Pointi? Pointi gani, baba? Hapa hakuna pointi! Hapa kila mwaka wote tunaanza sifuri, wewe, mimi, na mtoto aliyezaliwa juzi akifika umri. Mimi naomba tangu nikiwa na meno yangu yote!" Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini nilimwona Garth akiweka sahani yake chini polepole, na uso wake nikauona umekuwa wa mtu aliyeshuka kituo kisicho chake na gari limeshaondoka.

Tangu siku ile amekuwa mpole kupita kiasi. Anaosha vyombo. Anasema asante. Bora angenigombeza. Jioni moja akaniambia, macho yako kwenye gazeti, "Unajua unaweza kukirudisha hicho kibali, kama hukitaki." Nikamwambia nitafikiria. Halafu ndugu yake, Lyndon, akapiga simu kutoka Colorado, nikamweka kwenye kipaza sauti nikiwa napika na Garth yuko mezani, na yeye hana salamu, "Shemeji! Umempora mume wako mchana kweupe!" Nikamwambia sikumpora mtu. Akasema, "Basi rahisi. Nendeni wote. Garth apige, wewe ufunge kibali chako kwenye pembe, ionekane umepiga wewe. Mlimani nani anawaona? Miti?" Nikamtazama Garth nikitegemea amkatalie. Hakukubali, lakini hakukataa. Alisema, "Tutaona." Hiyo "tutaona" imenikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo.

Na sasa nakuja kwenye lile ninalolionea haya, Mama Thelda, maana yote niliyoandika hadi hapa ni ya watu wengine. Mimi sitaki kukirudisha. Wiki ile ile ya matokeo nilipitia kwenye kinamasi kilicho njia ya kutoka kazini, nikitaka tu kuona, nikaegesha gari nikakaa kwenye nyasi na darubini, na akatokea dume kutoka kwenye mierebi, akaingia majini hadi tumboni, akazamisha kichwa chote, akakaa huko chini hata nikadhani kazama, halafu akainuka na majani ya majini yananing'inia kwenye pembe na maji yanamchuruzika pande zote, anatafuna, hana habari na mtu, na mimi nikajikuta nimeshika mdomo. Nimerudi karibu kila jioni. Namjua anakopita. Namjua akikasirika masikio yanavyolala. Garth namwambia nimechelewa maabara. Kazi naipenda, nyumba naipenda, mji naupenda, na usiku nalala nikitabasamu karibu na mwanamume mwenye huzuni. Naona aibu kufurahi.

Nikirudishe? Nimsikilize Lyndon, yaishe? Au niende mwenyewe, nimvunje moyo mtu aliyeniachia foleni yake ya maisha? Niambie, na usinionee huruma sana.

Ronelle,
Ashton

*

Ronelle mwanangu,

Huruma utaipata kidogo, kwa kuwa umeomba hivyo.

Tuanze na shemeji yako, maana huyo ndiye wa kumalizana naye haraka. Kibali kina jina lako. Anayefyatua risasi ni wewe, si mume wako, si kaka wa mume wako, si malaika. Akipiga Garth ukafunga kibali chako, mmevunja sheria wawili mkiwa na akili timamu, na hapa kwetu watu hupoteza bunduki, nyama, pembe, na haki ya kuwinda kwa ajili ya ujinga huo. Tena adhabu hiyo haiishii mpakani. Inamfuata mtu jimbo kwa jimbo, hadi huko zilikolala pointi za Garth. Lyndon anashauri akiwa kwenye kochi. Atakayesimama mbele ya hakimu ni wewe na aproni yako. Akipiga tena simu, mwulize hali ya hewa ya kwao, kisha mpe Garth aongee naye.

La kukirudisha. Umefikiria kitakwenda wapi? Hakitakwenda kwa Garth! Ukikirudisha anaweza kukipata mtu wa Pocatello usiyemjua, naye atakuja kwenye kinamasi chako na kiti cha kukunja. Garth atabaki na kile alichonacho leo, yaani hana, na wewe utakuwa umeongeza mtu wa pili asiye nacho. Hiyo si sadaka. Ni hasara yenye adabu.

Sasa sikiliza jambo ambalo nyote wawili mlipaswa kulijua kabla hamjafungua masanduku. Mlitoka jimbo la foleni mkahamia jimbo la kura. Kila jimbo lina kitabu chake cha kanuni, na hakifanani na cha jirani. Kwingine aliyengoja anapewa uzito. Kwetu hapa jina linatumbukizwa pamoja na mengine yote, la mzee na la mgeni, likitoka limetoka. Wapo wanaoona huu ni uonevu kwa waliosubiri. Wapo wanaoona ule mwingine ni uonevu kwa vijana. Mimi nimesikia ugomvi huo kwenye harusi na kwenye misiba, na sina nia ya kuumaliza. Ila Garth alijaza maombi ya Idaho akili yake ikiwa Colorado, ndiyo maana ameumia mara mbili: alikosa kibali, halafu akagundua hata kule kukosa kwake hakukumsogeza.

Mwambie hivi, kwa sababu naona hajui na wewe hujui. Pointi zake hazijafa. Ziko kule kule chini ya jina lake. Kilichobadilika ni mlango: zamani aliingilia mlango wa wenyeji, sasa ataingilia wa wageni, ambao ni mwembamba na una ada kali zaidi. Anaweza kuendelea kuomba kule kama mgeni, na asikae miaka mingi kimya, maana uko muda ambao ukipita bila kuomba zinafutwa. Apige simu kwa idara yao awaulize wenyewe, asimwulize Lyndon. Na hapa aombe tena mwezi wa nne, na mwaka unaofuata, kama sisi sote. Msimu huu kibali cha kawaida cha paa kinauzwa kaunta bila droo yoyote. Akinunue aende porini, asibaki nyumbani akipasua kuni huku amenuna.

Nakuja kwako. Umemdanganya mumeo kwa ajili ya dume. Nimeandika safu hii kwa muda mrefu na nimepokea barua nyingi za wanawake wanaochelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya dume, lakini mwenye pembe ni wa kwanza. Acha. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, mwambie umekuwa ukienda wapi. Jioni mchukue, mkae naye kwenye nyasi hizo hizo, mpe darubini, kisha unyamaze. Usimwombe ruhusa. Usimwombe msamaha kwa bahati, maana hukuiiba. Mwombe msaada, na umwombe kwa maneno, si kwa kuguna: "Garth, nakuhitaji." Basi. Usiongeze "ukipenda".

Kwa sababu utamhitaji kweli, mama. Paja moja la musi ni mzigo wa mwanamume mzima, na mapaja ni mawili kabla hujafika mabegani. Tafuta nyumbu wa jirani yako mapema, kabla wenzako hawajamwomba. Lenga shabaha umekaa na umepiga magoti, kila Jumamosi, mpaka bega lizoee. Nunua magunia ya kitambaa ya kuwekea nyama. Nolea visu nyumbani, si mlimani.

Na wewe Garth, najua unasoma. Waume hawasomi safu hii, lakini kila nikienda kununua mafuta ya gari wananieleza niliyoyaandika. Uliacha foleni yako ukamfuata mkeo kwenye kazi aliyoitamani. Hilo lilikuwa tendo la kiungwana na hakuna aliyekushangilia, basi mimi nakushangilia hapa mbele ya wilaya nzima. Sasa usilichafue kwa kuosha vyombo kama mtu aliye kwenye matanga. Maisha yako yote umejifunza namna ya kumwinda mnyama huyu, na ndani ya nyumba yako yumo mwenye kibali. Wangapi wana bahati hiyo? Inuka, mfundishe. Na akikwambia kitu anachokijua yeye, msikilize.

Ronelle, utakwenda. Bunduki ni yako kubeba na risasi ni yako kupiga. Anza Jumamosi hii.

Thelda Ostrander

*

Barua hii ya pili ilinifikia theluji ya kwanza ilipokuwa imeshaganda barabarani. Naiweka kama ilivyo.

Mama Thelda,

Kesho yake asubuhi, baada ya kusoma jibu lako, nilimwambia kwamba jioni zile sikuwa maabara. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, hakuinua hata macho, akasema, "Nilijua. Maabara haina matope." Kumbe viatu vyangu vimekuwa vikinichongea tangu kiangazi, na yeye amekuwa akivisafisha kimya kimya akidhani nina jambo baya zaidi, na alipojua ni musi akacheka hadi chai ikampalia, halafu akaacha kucheka, akasema, "Ungenipeleka." Nikamwambia, "Nakupeleka leo. Garth, nakuhitaji." Sikuongeza neno.

Alikuja kuwa mwalimu wa kuchosha, sitakuficha. Pumua hivi, shika hivi, kiwiko hivi. Tuligombana kwenye uwanja wa shabaha mbele ya watu na nikamwambia ashike bunduki ale nayo. Lakini tulikuwa tunagombana, Mama Thelda, tena kwa sauti, na nyumba ikarudi kuwa nyumba.

Msimu ulipofunguliwa tulikwenda siku kadhaa tukaona majike tu. Halafu asubuhi moja ya baridi kali dume akatoka, yule yule, akaingia majini na kusimama ubavu wazi mbele yetu, na Garth ubavuni kwangu ananong'ona, "Piga. Piga, Roni, piga sasa."

Nikasema, "Hapana."

"Hapana nini? Amesimama!"

"Amesimama kwenye maji. Akifia hapo tutamtoa na nini? Ngoja. Akishiba anatokea kule, penye pengo la mierebi. Huwa anatokea pale."

"Na asipotokea?"

"Nyamaza, Garth."

Akanyamaza. Yule mnyama alikula kana kwamba ana siku nzima, vidole vyangu vikafa ganzi, na mume wangu aliyengoja maisha yake yote akalala pale kwenye barafu akangoja tena, safari hii kwa sababu nimemwambia mimi. Kisha musi akageuka, akapanda ukingo polepole, akatokea penye pengo, akasimama kwenye nchi kavu. Nikapiga. Alipiga hatua chache akaketi, kama mzee anayeketi kwenye kiti chake, akalala.

Garth alivua kofia. Akaenda peke yake nyuma ya miti, akakaa kidogo, akarudi macho mekundu akasema, "Baridi ya hapa kali." Nami nilikuwa nimepiga magoti nimeshika ile pembe na nalia waziwazi, sina hata cha kusingizia. Kibali nilikifunga kwa mkono wangu. Tulichuna hadi jioni, Bi LaRue akaja na nyumbu wawili na matusi ya kutosha, akasema mimi ni mwizi wa bahati ya wilaya nzima na kwamba ulimi wa yule mnyama ni wake. Tukampa.

Jana tulipeleka pembe kwa idara ya wanyamapori wakazipime, kama sheria inavyotaka. Afisa, kijana mstaarabu, akazitazama, akapiga mluzi, akamgeukia Garth na kalamu mkononi: "Hongera, mzee. Ulimpigia wapi?"

Garth akavuta kiti kilichokuwa pale, akanisogezea, akasema, "Mwulize bosi. Mimi ni mbebaji."

Nikaketi. Nikamweleza yule kijana kila kitu tangu siku ya kwanza kwenye nyasi, na nilipokuwa naruka mahali, Garth ananishika bega: "Hapo umesahau, mwambie ulivyoninyamazisha."

Ronelle